Mama wa Kisasa Haulizi Kama Umekula

"Kata!"

Kwa mara nyingine tena mama alikuwa ameruka kutoka ghorofani kwa kamba, akamtwanga zimwi kwa kikaango, akatua kwa miguu yote miwili na kumkumbatia binti yake wa kwenye filamu. Yote safi kabisa. Halafu akafungua mdomo.

"Umekula?" aliuliza.

Mwongozaji wa filamu, mwanadada aliyevuta kofia hadi kwenye nyusi, alishusha pumzi. "Mama, maneno ni haya: 'Najivunia wewe, mwanangu. Nisamehe.' Basi. Chakula hakimo."

"Yameniponyoka."

Mafundi walicheka chini chini. Mama huyo walimjua tangu utotoni mwao, nani asiyemjua? Filamu yoyote iliyotaka mama wa Kiasia, basi ni yeye. Aliwarushia watoto kandambili. Aliuliza kwa nini mtoto amepata alama tisini na tisa na si mia. Alilia kwenye kiwanja cha ndege, na kabla filamu haijafika katikati akakohoa kwenye leso na kufa. Ndiyo maana mitaani walimwita Mama Kikohozi.

Sasa upepo umegeuka. Watazamaji wamechoka kuzika. Wanamtaka mama wa Kiasia anayepigana, anayecheza muziki jikoni, anayeomba radhi kwa watoto wake. Mama Kikohozi hakutaka kuachwa nyuma, akajifunza kuning'inia kwenye kamba na umri wake ule, magoti yakilia kama mlango usiotiwa mafuta. Yalibaki maneno hayo machache tu, na kazi imekwisha.

"Umekula?"

"Kata!"

"Tena hamwangalii mwenzake," mpiga picha alilalamika. "Macho yanakimbilia kando ya kamera."

Kando ya kamera alikaa mwongozaji, na miguuni pake ilikaa chupa ya chai aliyoletewa na Mama Kikohozi asubuhi. Hakuwa ameigusa.

Wiki nzima ikaenda hivyo. Mwishowe akashuka mtayarishaji, mwenye pesa zake na hasira zake za karibu, simu mkononi.

"Samaki mkunje angali mbichi," alifoka. "Huyu amekauka! Bado yuko enzi za kandambili. Nina mwingine, yuko tayari."

"Mwingine hapana," mwongozaji alidakia. "Filamu hii nimeiandika kwa ajili yake."

"Basi mara moja tu. Akikosea, kesho anaingia mwingine na tunaanza upya."

Mwongozaji alimwendea Mama Kikohozi, akamwinamia sikioni. "Mama, tafadhali. Wakikutoa hapa hupati kazi tena. Hata ya kukohoa hawakupi."

Mama Kikohozi alimtazama, akamnyooshea kola ya shati. "Umekonda."

"Mama!"

"Haya, haya."

Kamba, ghorofa, zimwi, kikaango. Mama alimkumbatia binti wa filamu, akatazama juu ya bega lake, pale pale kando ya kamera.

"Najivunia wewe, mwanangu," alisema bila kujikwaa. "Tangu zamani najivunia, ila nilikuwa nakuuliza alama. Nisamehe."

Zimwi lilivua kichwa chake cha bandia ili lifute machozi. Mtayarishaji alipiga makofi hadi simu ikamwanguka. "Hayo ya alama hayakuandikwa, lakini yabaki! Tumemaliza! Fungeni vyombo!"

Mwongozaji alimfuata Mama Kikohozi nyuma ya pazia, kofia mkononi, mashavu yamelowa.

"Kumbe unaweza!"

"Naweza tangu siku ya kwanza," alijibu Mama Kikohozi, akimmiminia chai. "Ila kazi ikiisha, kesho si unapanda ndege? Na mimi niliyekuzaa nitakuona lini tena, mpaka uandike filamu nyingine?"