Penalti ya Goti la Chuma

Saulo alikuwa amekwisha kuamua. Mpira ukija kulia, yeye ataruka kushoto. Ukija kushoto, ataruka kulia. Ukija katikati, Mungu atajua, lakini lazima uingie.

Hatua kumi na mbili mbele yake alisimama Gideoni, mzee wa kanisa, amevaa suruali ndefu ya Jumapili, raba mpya na goti jipya la chuma. Mwaka uliopita, 1977, wamisionari walimpeleka kwao Ulaya akapasuliwe, naye akarudi Mbalizi bila fimbo. Daktari alimruhusu kutembea na kuendesha baiskeli. Mpira alimkataza katakata. Gideoni alibembeleza wiki nzima, mpaka daktari akachoka: penalti moja tu, siku ya Saba Saba, kwenye mechi ya wazee, halafu basi.

Na goti lile, Saulo ndiye aliyelivunja.

Walikuwa vijana wa shule, mwaka 1956. Saulo alikosa mpira, akalipata goti la kushoto la Gideoni. Likalia kama ukuni mkavu. Miaka ikapita, Gideoni akatembea akichechemea, na Saulo hakupata amani. Kila mvua zikianza, alimlimia rafiki yake viazi kabla hajagusa shamba lake mwenyewe. Kila Krismasi alimpelekea jogoo. Miguu yake hakuthubutu hata kuitazama. Wakikutana, Saulo alizungumza na kofia ya mwenzake.

"Miaka ishirini na mbili unamlimia," mkewe, Sekela, alizoea kumwambia. "Na kwenye harusi ya binti yetu Ikupa alicheza mpaka vumbi likatimka!"

"Ni furaha ile, mke wangu. Furaha hupoza maumivu."

Sekela alicheka tu, akaendelea kumenya ndizi.

Leo Saulo alitaka kitu kimoja: amwone Gideoni akifunga bao, ili moyo wake utue mzigo ule. Alitema mate viganjani, akainama kati ya nguzo mbili za mkaratusi.

Filimbi ikalia. Gideoni akapiga hatua tatu, akaachia shuti kwa mguu wa kushoto.

Mwe! Mpira ulipita kwa kishindo. Saulo, aliyejirusha upande mwingine, alikula vumbi huku akicheka. Kumbe chuma kina nguvu hivi!

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Saulo alikimbia akamkumbatia rafiki yake, machozi yakimtoka bila aibu.

"Nisamehe, ndugu yangu. Leo nisamehe kabisa."

"Nilikusamehe zamani," Gideoni alisema, naye akilia. "Zamani sana."

"Chuma! Tuonyeshe chuma!" watu walipiga kelele.

Gideoni alikuwa amelewa furaha. Aliketi kwenye nyasi, akapandisha mguu mmoja wa suruali mpaka pajani, akalipigapiga goti lake kwa fahari. Kovu lilishuka kutoka juu hadi chini, refu na la kung'aa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na mbili, Saulo aliutazama mguu wa rafiki yake.

Ulikuwa wa kulia.

Gideoni aliishusha suruali upesi, akakohoa kidogo.

"Ndugu yangu," aliuliza kwa sauti ya chini, "viazi vya mwaka huu, bado utakuja?"