Panya Anaomba Njia

"Nimenyoosha mikono," Panya aliandika. "Niambie tu mlango wa kutokea uko wapi, nikapumzike."

Rula aliusoma ujumbe ule chini ya meza, akauma midomo asije akapiga kigelegele katikati ya ofisi. Panya! Panya huyuhuyu ambaye hakumjua sura wala makao, lakini alivuka kila levo ya gemu aliyomtengenezea kabla chai haijapoa, kisha akamwandikia: "Asante fundi, watoto wangu wamefurahi."

Kazi ya Rula ilikuwa kuchora ramani katika Idara ya Ujenzi ya mji, na jina hilo alipewa na wenzake. Lakini kazi ni kazi, na mapenzi ni mapenzi. Mapenzi yake yalikuwa kutengeneza levo za gemu: mapango na majumba ambayo wachezaji wa mbali huingia kwenye kompyuta zao, wakahangaika kutafuta pa kutokea. Alizichora palepale ofisini, wakati wa chakula cha mchana, kwa programu ileile anayochorea shule na zahanati, kisha akazitia kwenye gemu.

"Watu wanajenga nyumba ili watu wakae," mkewe humwambia. "Wangu anajenga ili watu wapotee."

"Wangepotea ningeshukuru, mke wangu. Tatizo hawapotei."

Hapo ndipo palipomuuma. Alitaka kitu kimoja tu duniani: levo itakayomshinda Panya. Kwa ajili hiyo akajenga Jumba. Rula hakuwa na roho mbaya nyingi, lakini yote aliyokuwa nayo aliimwaga humo: milango ya uongo, ngazi zinazopanda hadi ukutani, ukumbi ambao ili ufike juu sharti ushuke kwanza. Alilimaliza siku ambayo Mhandisi Mkuu alikuwa amemsimamia kichwani akidai ramani ya jengo jipya la ofisi, jengo alilolibuni Mhandisi mwenyewe. Rula alikuwa ameinakili ramani hiyo kwa usafi bila kuitazama sana, maana kazi ya bosi haikosolewi. Harakaharaka akamtumia mkandarasi ramani, akaipandisha levo mtandaoni, akaenda nyumbani kichwa kinamgonga.

Tangu hapo levo ile hakuifungua tena. Ulikuwa mwiko wake: levo ikishatoka haiguswi, asije akamwonea mtu huruma akaipunguza makali. Mwaka ukapita, Panya yumo tu. Wakaingia na mabingwa wenye majina yao, nao wakakaa humohumo. Rula akaanza kutembea kifua mbele.

"Fundi hasemi," akamjibu Panya asubuhi hiyo, akavaa koti. Ilikuwa siku ya kufungua jengo jipya.

Mhandisi Mkuu alikata utepe, akahutubia juu ya ubunifu wake mpaka watu wakaanza kubadilisha mguu wa kusimamia. Milango ikafunguliwa, huduma zikaanza hapohapo. Rula akaingia na umati, akapiga hatua chache, akaganda.

Mbele yake kulikuwa na ngazi iliyopanda, ikapanda, ikagonga ukuta. Kushoto kulikuwa na safu ya milango. Akafungua mmoja, akakutana na tofali. Aliijua safu ile. Aliichora mwenyewe, akicheka peke yake.

Kazi imekwenda na maji! Watu watapotea humu, watalala humu, na yule mkandarasi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, amejenga kila kitu kama kilivyochorwa! Akamwona bibi mmoja mwenye fimbo akijikongoja kuelekea ukumbi wa kushuka, karatasi zake kwapani.

"Bibi! Usiende huko!"

Bibi hakusikia. Rula akamkimbilia, akakosea kona, kona aliyoibuni yeye, akazunguka weee. Alipochomoza upande wa pili anahema, bibi alikuwa ameketi nje kwenye benchi, kibali chake cha kujenga ukuta kimeshagongwa muhuri.

"Shikamoo, bibi. Umetokaje?"

"Marahaba. Kwa miguu."

"Na ile milango ya uongo?"

"Mlango usio na foleni hauna mtu ndani, mwanangu. Nani asiyejua?"

"Na ngazi?"

"Mimi nimezoea ofisi. Wakisema panda, nashuka." Bibi akamshika mkono. "Mwambie bosi wenu Mungu ambariki. Safari hii mmetuhurumia. Kule kwenye ofisi za zamani ningekuwa bado nauliza pa kuulizia."

Rula alitamani kulia. Hakujua analilia ajira yake au Jumba lake, levo ngumu kuliko zote alizowahi kujenga, lililovukwa na bibi wa fimbo bila hata kupumzika njiani. Watu walizidi kutoka wakicheka, vibali mikononi, na Mhandisi Mkuu alikuwa akipokea pongezi kwa mikono miwili.

Simu ikatetemeka. Alikuwa Panya tena.

"Fundi, nakupigia magoti. Mke wangu ameniambia nichague, yeye au huo mlango. Nimeshindwa kuchagua."

Moyo ukamlainika Rula. Yatosha, alijisemea, hata ushindi una kiasi. Akauvunja mwiko wake, akaifungua levo ile kwenye simu ili amwonyeshe mwenzake njia.

Palikuwa na Mapokezi. Palikuwa na Masjala. Palikuwa na Ofisi ya Mhandisi Mkuu, yenye vyoo viwili. Mlango wa kutoka nje, Mhandisi Mkuu hakuchora hata mmoja.