Protini ya Ncha

"Mimi si mama yake," alisema Bi Ruzuna. Mwanaidi, binti wa marehemu mumewe kwa mke wa kwanza, alikuwa anafika stendi jioni ile, na hakuwa na mwingine wa kumwendea.

 Shamte, mwenzake wa maabara, alimsogezea hadubini.

Bakteria walikuwa wametulia tuli majini, hawana mikia. Vipande vya kujengea mkia vilipita ndani ya mrija mwembamba hadi nje, lakini kwenye ncha hapakuwa na protini ya kuvipokea na kuvipanga. Vyote vilipotelea majini.

Ruzuna alidondosha tone la protini ile ya ncha, iliyotoka kwa bakteria wengine kabisa. Wakangoja mpaka chai ikapoa.

"Itavipokea kweli?" aliuliza Shamte. "Si yao hiyo."

Bakteria mmoja akatikisika, akajizungusha, akaogelea akaenda zake.

 Ruzuna akatazama saa, akainuka.

Stendi, msichana alikuwa amekalia sanduku, akimtazama kila apitaye. Ruzuna, bado yumo ndani ya koti jeupe la maabara, aliinua mkono.