Tawi la Kwanza

Niliandika amri ya kufungua tawi, mahali pa mwajiriwa mpya kufanyia kazi bila kuvuruga ya wenzake. Kompyuta yangu ikakataa. Ghala letu la programu ni tupu, ilisema. Tawi halifunguliwi pasipo kazi iliyohifadhiwa humo.

"Kaka, umeihamisha kazi?"

Kaka yangu alisimama mlangoni na kikombe chake. Miezi minane alijifungia katika chumba hiki akitunga programu ya zahanati. Wenye zahanati walikuwa wanakuja saa nne kuiona.

"Jaribu tena," alisema.

Nikajaribu kwa jina lingine. Jibu likawa lile lile. Sebuleni waajiriwa wetu wawili wapya walikuwa wakicheka, wakisubiri niwaite.

"Kumbe miezi yote hii ulikuwa unalala humu."

"Nimefanya kazi, mdogo wangu. Kila siku." Hakuniangalia. "Ilikuwa haijafika tu pa kuhifadhi."

Nikaenda kwenye kompyuta yake, labda kuna chochote kilichobaki. Hakikuwepo. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Kwenye kibodi, herufi zilikuwa zimefifia kidogo tu. Kitufe cha kufuta kilikuwa kimelika mpaka kimefanya kishimo. Nikaweka kidole changu. Kikaingia kishimoni sawasawa.