Nimekusikia Sawa?

Seremala hakuwa na mtoto, hakuwa na redio, hakuwa na meno mawili ya mbele, na tangu Jumatatu mchana hakuwa tena na kiti kwenye kamati ya tawi. Kiti chenyewe alikichonga kwa mikono yake, miaka kumi na tisa iliyopita.

Katibu hakumpa hata nafasi ya kukaa. Alifungua barua isiyo na jina la mwandishi, akasoma mbele ya wajumbe wote: "Mjumbe wenu amemwambia fundi cherehani kwamba waliochoma duka lake ni vijana wa chama, na kwamba yeye anaona aibu."

"Ulisema, hukusema?"

"Nilisema."

"Basi njoo Ijumaa umkane fundi huyo kwa mdomo wako hapa mbele yetu. La sivyo, kadi utairudisha."

Kwa kumbukumbu yake, maneno yale aliyatamka mahali pamoja tu: chumbani kwa fundi cherehani, mlango umefungwa, wakiwa wawili.

Walikuwa wa vyama viwili. Baada ya kura, mtaa uligawanyika hata kwenye foleni ya maji. Duka la fundi lilipoteketea, seremala alibeba randa na msumeno, akaenda kumtengenezea meza ya kukatia vitambaa. Fundi alimtazama akiwa amesimama mlangoni.

"Umekuja kunipima jeneza?"

"Nimekuja kupima meza. Jeneza la chama chenu tulishalipima kwenye kura."

Fundi alicheka bila kutaka, akampisha.

Wakawekeana sharti: hakuna kujibu kabla ya kurudia alichosema mwenzako, mpaka akubali kwamba umemsikia. Lilikuwa sharti la kiseremala, la mtu anayeupima ubao tena kabla ya kuukata. Wakaenda hivyo miezi minne, kila Jumamosi. Siku moja fundi alieleza jinsi alivyoitazama cherehani ya marehemu baba yake ikigeuka chuma cheusi, akalia. Seremala aliyarudia yote.

Nyumbani, wakati wa kula, alimsimulia mkewe yote waliyoambiana.

"Nimejifunza kusikiliza, mke wangu. Kazi ngumu kuliko useremala."

"Na kaka yangu je?" mkewe aliuliza mara moja. Kaka yake alipigwa na wafuasi wa chama cha fundi siku ya matokeo, akalala kitandani wiki tatu, wakamzika.

"Hayo yameshapita. Tusichokonoe vidonda. Niongezee maji."

Mkewe akamwongezea.

Sasa, Alhamisi asubuhi, seremala aligonga mlango wa fundi kwa ngumi.

"Umeniuza!"

Fundi hakupandisha sauti. "Unasema nimekuuza. Nimekusikia sawa?"

"Usinifanyie mchezo!"

"Mchezo ulinifundisha wewe." Fundi akachomoa karatasi chini ya mkasi. "Wenzangu nao wameletewa barua. Wanajua kwamba nilikulilia. Wananiita mke wako mdogo, wateja wamenihama. Nami nilikuwa nakungoja wewe uje unieleze. Haya, soma mwenyewe. Mwandiko huo wa nani?"

Seremala aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaitazama taratibu kuanzia juu hadi chini. Akatikisa kichwa.

"Siujui."

"Basi na mimi sikujui. Toka."

Alirudi nyumbani akiburuta miguu. Njiani alikumbuka uso wa fundi. Mtu aliyemuuza mwenzake hawi na uso ule. Alipofika kwake alikuwa amekata shauri: kadi waichukue, lakini rafiki hampotezi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kuiambia kamati wala fundi. Seremala hakujua kusoma. Madarasa ya watu wazima yalifunguliwa mitaa miwili tu kutoka kwake, akaona haya kukaa benchi moja na vibarua wake. Miaka yote hiyo, mkewe ndiye aliyekuwa macho yake na kalamu yake.

"Andika, mke wangu," alisema, akizunguka chumbani. "Jirani, nimekukosea. Nilikushuku kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumshuku. Wewe ndiye mtu wa kwanza kunisikiliza na mimi kumsikiliza. Ijumaa sitakukana. Jumamosi nitabisha, nakuomba unifungulie."

Kalamu ilikwaruza, ikanyamaza.

"Nisomee."

Mkewe akamsomea polepole, neno kwa neno, hakuacha hata moja. Seremala akajifuta macho kwa kiganja chenye vumbi la mbao.

"Unaandika vizuri sana."

"Nimezoea," mkewe akasema.

Akaikunja karatasi, yenye mwandiko uleule ambao fundi alikuwa nao chini ya mkasi wake. Iliandikwa hivi: *Jirani, barua zile niliziandika mimi. Kila Jumamosi nilikuja kukuchota maneno. Usinifungulie mlango tena. Ni mimi, Seremala.* Akalamba gundi, akaibana bahasha kwa kidole gumba mpaka ikashika, akajitanda kanga na kwenda kuipenyeza chini ya mlango wa fundi.