Kakakuona Aliyejikunja

Palikuwa na Kakakuona mmoja, mama mwenye wasiwasi mwingi. Tangu moto wa nyika uunguze shimo lao, mwanawe alijikunja akawa kama mpira, hasemi wala hali mchwa. Mama akamwita Bundi, mshauri aliyesifika kwa utulivu. Bundi akakaa mbele ya mpira ule asubuhi nzima, akiuliza kwa upole, "Unajisikiaje, mwanangu?" Mpira ukazidi kujikaza.

Bundi alipopitiwa na usingizi, akatokea Ngedere, ambaye hajawahi kuona kitu cha mviringo akakiacha kilipo. Akausukuma, ukabingirika hadi chini ya kilima.

"Ameniulia mwanangu!" Mama akateremka mbio. Akamkuta mtoto amekunjuka, anacheka mpaka magamba yanagongana.

"Tena," akasema mtoto.

Ili abingirike tena, ilibidi wapande kilima kwa miguu. Njiani, bila kuulizwa, mtoto akasimulia yote: ule moshi, lile joto, na jinsi alivyodhani mama yake ameungua. Mama akasikiliza.

Kule juu Bundi akazinduka. "Na wewe, mama, unajisikiaje?"

Mama alikuwa ameshajikunja.

"Ngedere," ikatoka sauti ndani ya magamba, "nisukume."