Mdoli Asiye na Mdomo

Mdoli alikuwa ameketi kwenye kiti cha dirishani, na mbele yake sahani ya wali uliopoa.

Zefania akasimama mlangoni, koti lake la buluu la kazi mkononi. Tangu mkewe Nyaguthii afe, mwaka mmoja na miezi minne sasa, hakuna aliyekalia kiti kile. Leo alirudi saa kumi alasiri kwa sababu maegesho ya hoteli anakofanya kazi yalijaa maji. Siku nyingine zote hupiga shifti mbili, akifika mtoto amelala.

"Huyu ni nani?"

"Ni homework," akajibu binti yake Mumbi, wa miaka tisa. Akamkwapua mdoli, akaingia naye chumbani, mlango akaufunga.

Zefania alikuwa amemwona vya kutosha. Soksi ya kahawia iliyojazwa pamba, macho ya uzi mweusi, nguo ya buluu. Mdomo hakushonewa.

Juu ya meza palikuwa na karatasi ya mwalimu. Zefania hakusoma sana, kwa hiyo aliifuata kwa kidole, neno kwa neno. *Tengeneza mdoli wa mtu ambaye ungependa arudi nyumbani. Mvike kitambaa kilichotoka kwenye nguo yake. Ndani ya kifua, mshonee kitu chake kidogo.*

Damu ikampanda. Hawa wakubwa hawaachi mtu akazika akamaliza! Nyaguthii aliwatunza wazee wa watu, akiwageuza, akiwaosha. Siku aliyosema kifua kinambana, supavaiza alimwambia amalize shifti kwanza. Akaimaliza, na ikawa ya mwisho. Supavaiza yule mpaka leo ana kiti chake na kalamu yake. Wakubwa wote ni wamoja. Hata meneja wa jengo hili: mashine zake za kufulia zimelila koti la Zefania mfuko mmoja na kifungo kimoja cha shaba, kile chenye alama ya ufunguo, na ukimlalamikia anakuambia ujaze fomu. Sasa na shule nayo.

Akasogea mlangoni ili agonge. Mkono ukabaki hewani.

Mumbi alikuwa akiongea Kiswahili. Mumbi huyu ambaye babake akimsemesha humrudishia Kiingereza, tena neno moja moja.

"Miguu inakuuma? Si uvue viatu basi. Umekula? Mbona siku hizi huongei na mimi?" Akasubiri. "Haya, usiongee. Lakini kesho usiende."

Vinyweleo vikamsimama Zefania. Nyaguthii alikuwa akiingia nyumbani hivyo hivyo, akilalamikia miguu.

Akampigia simu Euphrasia, dada ya marehemu, aliyeko Rockville, mji mwingine wa huku Marekani.

"Shemeji, nilikuambia mimi," Euphrasia akasema. "Nguo za marehemu hugawiwa watu. Wewe umezifungia kwenye sanduku kama pasipoti. Atazifuata mwenyewe! Na akizifuata, atamkuta nani hapo nyumbani? Mtoto, peke yake."

"Funguo ninatembea nazo mimi. Hakuna aliyelifungua."

"Basi lifungue uone."

Akalivuta sanduku kutoka uvunguni. Kufuli lilikuwa zima. Ndani, sare tatu za buluu zilikuwa zimekunjwa vile vile alivyozikunja siku ya msiba. Akazitoa moja moja, akapitisha vidole kwenye kila pindo. Hakuna palipokatwa. Pete ilikuwepo. Saa ilikuwepo. Hereni, zote mbili.

Akakaa sakafuni, sare mapajani. Kama kitambaa cha yule mdoli hakikutoka humu, kilitoka wapi? Na nani alikileta?

Upande wa pili wa ukuta, mtoto wake alikuwa akicheka na mtu asiyejibu.

Kesho yake hakwenda kazini. Alimfuata mdoli hadi shuleni, maana midoli yote ilikuwa imepangwa darasani ili watu waitazame. Alikuwa ameshakata shauri: atamchukua, atamchoma moto, kabla marehemu hajaondoka na mtoto wake. Ofisini wakambandika kibandiko cha mgeni kifuani. Mgeni, hapa Alexandria, miaka saba! Hakuwahi kukanyaga shule hii. Mikutano ya wazazi huenda Euphrasia.

Mwalimu Ashanti, Mmarekani mweusi aliyesomea Kiswahili chuo kikuu, alikiongea polepole kama anayesoma gazeti.

"Karibu sana. Umekuja kwa ajili ya nani?"

"Mumbi."

"Aa, Mumbi! Basi wewe ni mjomba wake."

Zefania akampita. Macho yake yalikuwa rafuni. Palikuwa na babu mwenye ndevu za sufi, na askari wa kitambaa cha madoadoa aliyepelekwa Iraki. Katikati yao alikaa yule asiye na mdomo, akimtazama.

Akamnyakua. Akamminya kifua, akakuta humo ndani kitu kigumu, cha mviringo.

"Mnamfundisha mtoto kukaa mezani na maiti!" akapiga kelele. "Kumpakulia chakula! Huyu amekufa! Mnasikia? Amekufa!"

Akaushika mshono kwa kucha, akauchana kwa nguvu. Pamba ikamwagika. Kiganjani mwake kikadondoka kifungo cha shaba chenye alama ya ufunguo.

Nyuma yake, Mwalimu Ashanti alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Pole sana, mjomba," akasema. "Ya mama yake tuliambiwa. Hatukujua kwamba na baba pia amekufa."